UZI: Medali ya shaba ni sanamu ya kushikwa mkononi. Yetu ya magharibi mwa Kenya ichongwe nini?

Chonga_Kisumu

Wadau, habari zenu. Nafundisha sanaa hapa Kisumu, na nje ya darasa nachonga michoro ya plasta. Nafungua uzi huu kwa ajili ya medali.

Karibu kila wikendi huku kwetu kuna mbio: za shule, za kaunti, za kanisa, za kuchangia matibabu ya mtu. Watu hurudi nyumbani na utepe shingoni. Igeuze medali yenyewe, utakuta mwenge, matawi mawili ya mmea ambao hakuna bibi wa huku anayeujua, na katikati kibandiko cha karatasi chenye jina la mbio. Kibandiko kikibanduka hakibaki chochote cha kuonyesha medali ile ilitoka wapi wala nani aliitolea jasho. Linaniuma sana. Sisi ndio tunaoijaza dunia wakimbiaji, na medali ya shaba iliyotengenezwa na fundi anayejua kazi ni sanaa kamili.

Dhahabu tuiache leo. Nataka tukae na shaba, hasa medali za ukumbusho, zile anazopewa kila aliyeshiriki: mkimbiaji, kocha, hata mwamuzi. Hizi zimekuwepo tangu Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens 1896. Ile ya mwaka huo ilichorwa na Mgiriki Nikephoros Lytras. Ameketi Nike, mungu wa kike wa ushindi, taji mkononi, na karibu naye finiksi, ndege wa hadithi, anachomoka kwenye ndimi za moto. Nyuma yao ni kilima cha Akropoli. Hata asiyejua kusoma Kigiriki anaelewa: michezo iliyokufa karne nyingi zilizopita imefufuka, na imefufukia kwao. Jambo zima limekaa kwenye kipande cha shaba kinachofunikwa na kiganja.

Na mwaka huo huo shaba haikuwa ya mtu wa tatu. Mshindi alipewa fedha na tawi la mzeituni, wa pili akapewa shaba, wa tatu akaenda mikono mitupu. Mpangilio wa dhahabu, fedha na shaba tuliouzoea ulianza St. Louis, 1904.

Nikiitazama medali, kwanza naangalia mwanga. Mchongo wa medali hauna kina kirefu, ni milimita chache tu kutoka uwanda, yaani sehemu bapa ya nyuma, hadi pua ya mtu aliyechongwa. Katika milimita hizo fundi lazima aonyeshe goti lililo mbele na goti lililo nyuma, uwanja ulio mbali, na pumzi. Anacheza na mteremko. Mahali panapotelemka polepole kivuli ni laini, na palipokatwa ghafla kivuli ni cheusi. Ishike medali nzuri karibu na dirisha uiinamishe kidogo kidogo, utaona mkimbiaji anasogea. Zile za kibandiko ziinamishe utakavyo, hakuna kinachotokea, kwa sababu mchoro wake una vimo viwili tu, juu na chini.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mchongaji huanza na udongo au nta kwenye sahani kubwa, pana kuliko medali mara kadhaa. Anamimina plasta juu yake, anapata kinyume chake, na mara nyingi humalizia maandishi na mistari myembamba kwenye kile kinyume, maana kuchimba mstari ni rahisi kuliko kuuinua. Kisha anamimina tena apate chanya, yaani umbo kama lile la kwanza. Hiyo plasta kubwa ndiyo inayopunguzwa na mashine yenye mikono miwili: ncha moja inapapasa mchongo mkubwa, ncha ya pili inakata chuma kidogo kwa kipimo kilichopungua. Mfaransa Victor Janvier alitengeneza mashine ya aina hii mwishoni mwa karne ya 19, na viwanda vya sarafu duniani vikaitumia kwa miongo mingi. Chuma hicho kikishakuwa muhuri, kinagongwa kwenye kipande cha shaba kwa nguvu kubwa. Mchongo ukiwa na kina, pigo moja halitoshi. Shaba hukakamaa ikigongwa, kwa hiyo hupashwa moto ilainike, inarudishwa chini ya muhuri, inagongwa tena, mpaka shaba iwe imeingia kila kona.

Nitaendelea baadaye. Kwanza nauliza: medali ya mbio za huku kwetu ingekuwa kazi yako, ungechonga nini?

Mlima_Kericho

Mwalimu, asante kwa uzi huu. Umetaja shaba, basi mimi lazima nimtaje Wilson Kiprugut. Medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya ilikuwa ya shaba: mita 800, Tokyo 1964, hata mwaka mmoja haujatimia tangu uhuru. Peter Snell wa New Zealand wa kwanza, Bill Crothers wa Kanada wa pili, Kiprugut wa tatu kwa dakika 1 na sekunde 45.9. Miaka minne baadaye akapata fedha Mexico. Ametuacha mwaka 2022.

Watoto wa shule ukiwauliza wanamtaja Keino na Rudisha. Mtu aliyefungua mlango wanamrukia kwa sababu alikuwa wa tatu.

Chonga_Kisumu

Umenigusa, ndugu yangu wa Kericho. Medali ile ya Kiprugut nina la kusema juu yake.

Kuanzia Amsterdam 1928 hadi Sydney 2000, upande wa mbele wa medali za washindi za Olimpiki ya kiangazi ulikuwa kazi ya mtu mmoja, Giuseppe Cassioli wa Florence. Nike ameketi, mkono mmoja umeshika tawi la mtende, mwingine umeinua taji, na nyuma kuna jengo la mviringo lenye matao. Upande wa nyuma, hadi 1968, kundi la watu limembeba mshindi juu juu mabegani. Mchoro huo ulikuwa ule ule kwenye dhahabu, fedha na shaba. Nike wa Kiprugut ndiye Nike wa Snell. Mtu aliyebebwa mabegani kwenye medali ya wa tatu hakushushwa chini kwa sababu chuma ni kingine. Kwangu mimi huo ndio uamuzi mzuri kuliko yote katika medali za Olimpiki: tofauti wameiacha kwenye rangi ya chuma, heshima wameichonga sawasawa.

Ila Cassioli aliweka kitu kilichokuja kuleta kelele. Yale matao ni ya Colosseum, uwanja wa Waroma, na Olimpiki ni ya Wagiriki. Ilipofika Sydney 2000 Wagiriki wakalalamika hadharani. Athens 2004 wakapata nafasi ya kurekebisha: Elena Votsi akachora Nike mpya, amesimama, mabawa wazi, anashuka ndani ya uwanja wa marumaru wa Panathenaic, ulikofanyika mchezo wa 1896. Hapo jengo na hadithi vinakubaliana.

Mjadala mzima ulikuwa juu ya matao machache kwenye usuli wa medali. Ndiyo maana nasema alama si pambo. Ukiweka jani la nchi nyingine kwenye medali ya Kapsabet au Maseno umesema jambo, hata kama hukukusudia.

Flamingo_Nakuru

Nakuru tupo. Mnazungumza riadha tu, mmesahau ngumi. Philip Waruinge, uzito wa unyoya, Mexico 1968, shaba. Lakini mashindano yale yale alipewa kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia aliyeonyesha ufundi bora kuliko wote wa Olimpiki nzima. Walikuwepo mabondia wenye dhahabu shingoni, na aliyeitwa fundi wa mafundi ni mwenye shaba. Munich 1972 akarudi na fedha.

Nakuru ilikuwa mji wa ngumi. Wazee wanaokumbuka ukumbi wa Madison Square pale mjini bado wapo. Mimi medali ya Nakuru ningeichonga glovu mbili zimetundikwa kwa kamba. Bila uso, bila jina.

Chonga_Kisumu

Hiyo glovu nimeiona kichwani tayari. Ngozi iliyokunjamana inachongeka vizuri mno kwenye shaba, kwa sababu kila mkunjo una mteremko wake. Usiache wazo hilo lipotee.

Dada_Lurambi

Mwalimu, nimesoma yote na nakubali ni mazuri. Lakini niulize swali gumu. Binti yangu anakimbia. Anahitaji viatu, nauli ya kwenda Eldoret kwa mashindano, na maziwa. Waandaaji wa mbio hizi wakipata pesa kidogo, unataka waiweke kwenye shaba? Medali hailiwi.

Chonga_Kisumu

Dada, swali lako ni la haki na silikwepi. Kama ni kuchagua kati ya viatu vya binti na medali, viatu vitangulie, na mwandaaji asiyetoa zawadi ya pesa alizoahidi hana ruhusa ya kujificha nyuma ya medali nzuri.

Lakini tazama upande huu. Pesa ya medali inatumika tayari. Kila mbio zinanunua medali, zinalipia usafirishaji, zinalipia utepe. Pesa hiyo inaondoka Kisumu na Kakamega kwenda kwa waagizaji, na kinachorudi ni zinki iliyopakwa rangi. Mimi naomba sehemu ya pesa ile ile ibaki kwa mafundi wetu, na idadi ipungue. Mbio si lazima zitoe medali za shaba mia nane. Zitoe chache zilizochongwa kweli, na wengine wapewe cheti kizuri kilichochapwa Kisumu.

Halafu kuna jambo la mtu ambaye hatapata pesa kamwe. Nyandika Maiyoro wa Kisii alikwenda Melbourne 1956, mara ya kwanza kabisa kwa Kenya kushiriki Olimpiki. Mita 5,000 akawa wa saba. Roma 1960 akawa wa sita. Hakuwahi kupanda jukwaa la Olimpiki. Ila Melbourne walitengeneza medali ya ukumbusho kwa washiriki wote, kazi ya mchongaji Andor Mészáros, mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Australia: msafara wa wanariadha wanatembea, wamesongamana bega kwa bega. Mtu wa saba yumo ndani ya msafara ule. Mchongaji alifikiria mtu kama Nyandika kabla hajamjua. Na mwenzake wa Kisii, Arere Anentia, alikwenda Cardiff 1958 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola akarudi na shaba ya maili sita. Mbio za Kenya kimataifa zimejengwa na watu wa namna hii.

Dada_Lurambi

Nimekuelewa mwalimu. La cheti pamoja na medali chache nalikubali. Ila hizo chache zisiende kwa wageni wa heshima.

Chonga_Kisumu

Kabisa, dada. Mgeni wa heshima apewe chai.

Mlima_Kericho

Narudi kwenye swali la alama. Huku kwetu jibu lipo tangu mababu: sinendet. Kwa wasiojua, ni mmea unaotambaa, na kwa Wakalenjin ni mmea wa heshima. Mtu akirudi na ushindi anavishwa sinendet kichwani au shingoni, na anapewa mursik, maziwa yaliyotiwa mkaa wa mti maalum, ndani ya kibuyu tunachokiita sotet. Mmeona wenyewe kwenye uwanja wa ndege, wanariadha wakitua, akina mama wanawasubiri na kibuyu. Mtu anaweza kuwa na dhahabu ya dunia shingoni na bado anainama avishwe sinendet.

Sasa kwa nini medali ya Kericho au Nandi iwe na majani ya Wagiriki?

Chonga_Kisumu

Hapo ndipo nilitaka tufike, na nashukuru limetoka kwa mwenye mila.

Niseme kwa jicho la mchongaji. Tawi la Wagiriki kwenye medali limekuwa gumu, majani yamepangwa mawili mawili kwa kipimo, kila moja linafanana na jingine. Sinendet haikai hivyo. Inajisokota. Nyuzi zake zinapita juu na chini, jani moja linageuka likaonyesha mgongo. Ukiizungusha kwenye ukingo wa medali unapata fremu inayotembea, haina mwanzo wala mwisho, na mwanga utakuwa unaruka kutoka jani hadi jani. Roma 1960 walitengeneza mnyororo wa shaba wenye umbo la majani kushikilia medali, na ndiyo ilikuwa Olimpiki ya kwanza ya kiangazi ambapo medali zilitundikwa shingoni. Sisi tungeacha utepe wa nailoni kabisa, tukasuka kamba ya katani.

Na kibuyu. Sotet ina mshono wa ngozi, ina mfuniko. Ikiwekwa peke yake katikati ya uwanda mtupu inatosha. Nasisitiza uwanda mtupu. Waandaaji wetu wanapenda kujaza: ramani ya kaunti, nembo ya mdhamini, simba, mkimbiaji, mwenge, ziwa, tarehe. Medali yenye vitu saba haisomeki. Sehemu isiyo na kitu ndiyo inayokipa kitu nguvu. R. Tait McKenzie, daktari wa Kanada aliyekuwa pia mchongaji, alitengeneza medali kubwa ya wakimbiaji watatu wanaruka kiunzi, ikawekwa ukutani mwa uwanja wa Stockholm kwa Olimpiki ya 1912. Watu watatu, basi. Miili imefuatana, wa nyuma anaanza kuinuka, mguu wa mbele umenyooka, na hewa iliyo chini yao ameiacha tupu, ndiyo maana unaamini wako juu. Huyu bwana alisoma nyuso za wanariadha kama daktari na akachonga mfululizo wa sura: nguvu inayotumika, kukosa pumzi, uchovu, kuishiwa kabisa. Na mnajua? Los Angeles 1932 alishinda medali ya shaba ya Olimpiki kwa kuchonga. Kuanzia 1912 hadi 1948 Olimpiki ilikuwa na mashindano ya sanaa, na 1932 palikuwa na kundi la medali na michongo bapa. Yeye aliingiza Ngao ya Wanariadha, akawa wa tatu.

Fahali_Kakamega

Kakamega tunataka isukuti! Ngoma tatu, mkubwa, wa kati na mdogo. UNESCO wameiandikisha 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Hakuna mechi Bukhungu bila isukuti. Mkimbiaji anakata kona ya mwisho na kinachomsukuma ni ngoma.

Wengine watataka fahali wa kupigana, lakini mimi naona fahali ametumika sana kwenye matangazo.

Chonga_Kisumu

Isukuti, ndiyo. Tena usichonge ngoma nzima na mpigaji. Chonga mkono na ngozi ya ngoma tu, kiganja kimeinuka kidogo, hakijagusa. Tazama Berlin 1936: medali yao ya washiriki, kazi ya Otto Placzek, ilionyesha wanariadha watano wakivuta kamba ya kengele, wakiwakilisha mabara matano. Siasa ya michezo ile ilikuwa mbaya, na kengele yenyewe upande wa pili ina tai wa utawala wa Kinazi. Ila kiufundi linafundisha kitu: sauti inaweza kuchongwa. Ukimwonyesha mtu anayetaka kupiga, anayetazama anasikia.

Kijana_Maseno

Mwalimu samahani naingilia. Babu yangu aliacha medali ya mashindano ya zamani ya polisi. Ilikuwa kahawia, sasa ina madoa ya kijani pembeni na mama anataka kuisugua na majivu na ndimu ing'ae. Afanye?

Chonga_Kisumu

Mwambie mama asubiri! Kijana, kimbia.

Ile rangi ya kahawia si uchafu. Fundi aliiweka mwenyewe, kwa kemikali na moto, baada ya kugonga medali. Inaingia kwenye mabonde ya mchongo, na sehemu zilizoinuka husuguliwa kidogo zing'ae. Hiyo tofauti ndiyo inayofanya uso uonekane uso. Ndimu ni asidi, itakula rangi yote, na majivu yatakwangua pua na vidole vya aliyechongwa. Utabaki na kitu kinachong'aa kama sufuria na hakina sura.

Kijani ni shaba inayokutana na unyevu, chumvi na hewa. Jasho la vidole lina chumvi, kwa hiyo ishike ukingoni au kwa kitambaa cha pamba. Tazama kijani hicho kwa makini. Kikiwa kimeshikamana na ni laini, kiache. Kikiwa ni unga unga unaodondoka na unarudi ukiufuta, hiyo ni kutu mbaya ya kloridi, inaendelea kula ndani, na inahitaji mtaalamu wa makumbusho. Kwa sasa ifute kwa brashi laini kavu, usitumie maji, iweke kwenye karatasi isiyo na asidi pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usiiweke kwenye plastiki laini yenye harufu, plastiki ya aina hiyo hutoa kloridi. Na huko Maseno na huku ziwani unyevu ni mwingi, usiiache ukutani karibu na jikoni.

Geuza pia utazame ukingo wake, ule wa pembeni. Mafundi wengi hupiga alama hapo. Kiwanda cha sarafu cha Paris, kwa mfano, tangu 1880 hupiga alama ya pembe ndogo iliyojaa matunda na kuandika BRONZE. Huenda babu amekuachia zaidi ya unachojua.

Kijana_Maseno

Nimempigia. Alikuwa ameshakata ndimu lakini hajaanza. Ukingoni kuna herufi ndogo, nitazipiga picha kukiwa na mwanga.

Chonga_Kisumu

Shukrani kwa mama. Piga picha asubuhi, mwanga ukitoka ubavuni.

Flamingo_Nakuru

Swali langu: nitajuaje ni shaba kweli au ni zile za zinki? Nina rundo nyumbani.

Chonga_Kisumu

Sumaku itakutolea zenye chuma tu, shaba na zinki zote hazivutwi. Kwa hiyo ukishaondoa za chuma, pima uzito mkononi. Shaba ni nzito kuliko zinki kwa ukubwa ule ule, karibu gramu 8.8 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 7.1. Itundike kwa uzi uigonge kwa kalamu: shaba inaimba, zinki inatoa mlio mfupi uliokufa. Na pale iliposuguliwa na utepe, rangi ikitoka utaona kijivu chini. Shaba ni shaba mpaka ndani.

Neno moja kuhusu mchanganyiko. Shaba ya sanamu ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Medali za leo mara nyingi hutumia zinki badala yake: shaba ya Tokyo 2020 ilikuwa asilimia 95 shaba nyekundu na asilimia 5 zinki, na madini yake yalitoka kwenye simu na kompyuta za zamani zilizokusanywa kwa wananchi wa Japani, simu zaidi ya milioni 6. Nchi nzima ilitoa droo zake. Hiyo ni alama isiyoonekana kwa macho, ila kila Mjapani aliijua. Paris 2024 waliweka katikati ya kila medali kipande cha chuma cha mnara wa Eiffel, gramu 18, chenye pembe sita. Wazo zuri, lakini baadhi ya zile za shaba zilibabuka mapema, mwanamchezo wa skateboard Nyjah Huston akaonyesha yake hadharani siku chache baada ya kuipata, na kiwanda kikabadilisha zilizoharibika. Uso ukitunzwa vibaya, wazo lote linaanguka.

Jiwe_Tabaka

Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi ni mchonga mawe laini wa Tabaka, Kisii. Tunatengeneza kiboko, sahani, wapendanao, yale yale kwa sababu ndiyo wateja wanataka. Mchongo bapa tunaujua, tunaupiga kwenye sahani kila siku. Swali: jiwe letu linaweza kutumika kama kalibu ya kumiminia shaba? Nichonge kinyume moja kwa moja kwenye jiwe?

Chonga_Kisumu

Mkubwa, nimefurahi umeingia, wewe ndiye niliyekuwa namtafuta.

Watu wa kale walimimina shaba kwenye kalibu za mawe laini ya aina hiyo, kwa hiyo wazo lina mizizi. Ila kuwa mwangalifu. Shaba yenye bati inamiminwa ikiwa imepita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Jiwe lililo na unyevu ndani litapasuka na kurusha shaba ya moto usoni. Ukitaka kujaribu kalibu ya jiwe, likaushe kwa siku nyingi, lipashe polepole, na uanze na bati peke yake, linaloyeyuka kwenye nyuzi 232 tu.

Njia ninayoiamini zaidi ni hii: wewe chonga chanya kwenye jiwe, kwa ukubwa halisi. Jiwe la Tabaka linashika mstari mwembamba ambao plasta yangu inavunja. Tutachukua umbo lake kwa silikoni, tumimine nta, kila medali ipate nta yake. Nta inafunikwa kwa plasta iliyochanganywa na mchanga, inachomwa tanurini mpaka nta itoke yote, halafu shaba inaingia palipokuwa na nta. Mashine ya Janvier hatuna, na hatuihitaji kwa medali chache. Medali ya kumimina ina ngozi tofauti na ya kugonga, si kali ukingoni, ina ulaini fulani, na mimi naipenda zaidi. Pisanello alimimina hivyo mwaka 1438 alipotengeneza medali ya mfalme wa Konstantinopoli, Yohana wa Nane, na wachonga medali wote waliofuata wamejifunza kwake.

Unapochonga usiache sehemu yoyote inayorudi ndani chini ya nyingine. Silikoni itavumilia kidogo, nta haitavumilia. Kila ukuta uinamie nje.

Jiwe_Tabaka

Hiyo nimeelewa, kwenye sahani pia tunafanya hivyo ili isivunjike. Na shaba tutaitoa wapi? Vyuma chakavu siku hizi ni maneno.

Chonga_Kisumu

Ni maneno kweli, na kwa haki. Mnakumbuka 2022 serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya watu kung'oa nyaya na transfoma. Medali iliyotengenezwa kwa waya wa umeme wa kijiji cha mtu sitaigusa. Tununue kwa muuzaji mwenye leseni, na risiti. Bushi za mitambo ya kusaga miwa ni shaba nzuri, na huku ukanda wa miwa zinapatikana zikichakaa, ila nyingi zina madini ya risasi ndani. Risasi ikiyeyushwa moshi wake ni sumu, na zinki nayo inaleta homa. Tutayeyushia nje, upande unaotoka upepo, na watoto wasiwe karibu. Wale mafundi wa jua kali wanaomimina sufuria wanajua tanuri, lakini alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, kwa hiyo watahitaji mkaa zaidi, feni yenye nguvu na chungu cha grafiti.

Mlima_Kericho

Sinendet nitaleta mbichi. Mchongaji aione yenyewe, asichonge kwa picha ya simu. Lakini niombe: ichukuliwe kwa adabu, tutamwuliza mzee kwanza kama inafaa kuwekwa kwenye chuma.

Chonga_Kisumu

Hilo ni sharti, sio ombi. Mzee akisema hapana, tutachonga kibuyu.

Dada_Lurambi

Na mtu wa saba yumo? Maana binti yangu mara nyingi ni wa saba.

Chonga_Kisumu

Yumo, dada. Upande wa nyuma naufikiria hivi: miguu tu, kuanzia gotini kwenda chini, mingi, imepandana, wengine na viatu wengine bila, kwenye barabara ya murram. Haionyeshi nani yuko mbele. Jiwe_Tabaka, upande huo uanze nao wewe, kipenyo sentimita 7, kina cha juu kabisa milimita 3. Vumbi lililoinuliwa na visigino ulichonge kwa mkwaruzo tu, usiliinue. Jina la mbio na mwaka viingie ukingoni, kwa patasi, tukishatoa medali kwenye plasta.

Jiwe_Tabaka

Jiwe jeupe au lenye waridi?

Chonga_Kisumu

Jeupe. Lenye mishipa litakudanganya macho unapotafuta kivuli.